Bolti ya Tisa

Koleo lilipouma kile kidonge cha risasi, waya mwembamba uliopita kwenye masikio ya giaboksi ukakaza kama kamba shingoni mwa mbuzi. Mkaguzi akauvuta mara mbili kwa ukucha kuhakikisha, kisha akainua uso.

"Lakiri imekaa," alisema. "Atakayeikata bila mimi atakuwa amejikata mwenyewe."

"Tumesikia, mkaguzi," akajibu Rangi.

"Sikuuliza kama mmesikia. Weka saini."

Rangi akaweka saini. Vidole vyao vilikaribiana kwenye ubao wa karatasi, na kila mmoja akaurudisha mkono wake kama aliyegusa sufuria ya moto. Mafundi wengine wakainama ghafla kutafuta vitu ambavyo havikuwa vimepotea. Gereji nzima ilijua kwamba wanawake hawa wawili walikula chungu kimoja miaka saba. Kwamba mkaguzi huyu ni dada mkubwa wa mume wa Rangi. Na kwamba ukuta unaotenganisha vyumba vyao kwa mama mkwe ni mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwingine hukaribia kusema "afya" kabla hajakumbuka kuwa hawasemezani.

Ugomvi wao uliletwa na mistari minne ya maandishi. Matajiri wenye timu walilalamika kwamba mbio za magari zimekuwa shimo lisilojaa, na chama cha mbio kikawatungia kanuni za kubana matumizi. Giaboksi, iliyokuwa ikifunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mbio, sasa ilitakiwa idumu mbio sita bila kufunguliwa, nayo itiwe lakiri ili asiwepo wa kudanganya. Na timu iliyozoea kuingia uwanjani na watu karibu mia iingie na arobaini na watano, wasizidi. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu nyepesi. Ilipofika gereji, ilikuwa panga.

Kabla ya panga hilo, jalada la giaboksi lilifungwa na watu wawili. Wifi yake ndiye aliyeshika spana ya kupimia, ile inayolia *tak* bolti ikishapata nguvu inayotakiwa. Akimaliza bolti moja aligonga meza kwa pete yake: *ko*. Hapo Rangi, brashi mkononi, alichora mstari wa njano, nusu juu ya kichwa cha bolti, nusu juu ya jalada, ili bolti ikigeuka hata unywele mstari ukatike na jicho lione. Ni mistari hiyo iliyompa jina. *Tak, ko*, mstari. *Tak, ko*, mstari. Bolti kumi na mbili. Midomo yao ilikuwa huru kuzungumza yote mengine: meno ya mtoto yanayoota, wanaume na soksi zao, jirani anayekopa chumvi na kurudisha umbea. Kwa miaka saba mkono wa Rangi haukuchora hata mara moja bila kusikia *ko*. Mwenyewe hakulijua hilo, kama mtu asivyojua anaanza ngazi kwa mguu upi.

Wifi huyohuyo ndiye aliyemwingiza kazini. Ni yeye aliyembeba mtoto mgongoni jioni zote Rangi alipokwenda kusomea cheti cha ufundi, na mtoto akajifunza kulala kwa harufu ya grisi ya shangazi yake. Cheti kile kiliwekewa fremu na wifi kwa mikono yake, akakitundika na kusema, "Kiko sawa, ila ukuta ndio umepinda."

Kisha meneja, ambaye tangu kanuni zije aliitwa Mkasi kisogoni na wakati mwingine usoni, akawaita mmoja mmoja.

"Giaboksi inabaki na mtu mmoja," aliwaambia wote kwa zamu. "Nani kati yenu anaweza kufanya kazi ya mwenzake?"

Wifi akajibu: "Hakuna. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anakaza, mwingine anashuhudia."

Rangi hakujua mwenzake amejibu nini. Alimwona mtoto wake, akaiona ile fremu, akauona mlango anaotaka kuufungua kwa ajili ya binti yule siku za usoni. Akasema neno moja: "Mimi."

Wifi alimngoja nje.

"Umemwambiaje?"

"Nimesema ukweli."

"Ukweli wa nani?"

Wiki ile haikuisha kabla wifi hajarudisha sare. Miezi mitatu baadaye chama, kilipoona kanuni zake zinahitaji macho ya kuzilinda, kiliwaajiri walewale ambao kanuni ziliwatupa nje. Fomu iliuliza kama mwombaji ana ndugu katika timu yoyote. Wifi akaandika: *Niliwahi kuwa naye.* Aliyeipokea fomu alicheka, akapiga muhuri.

Tangu siku hiyo alikuja mezani kwa Rangi kama mgeni mwenye hati. Aliwatoza adhabu kwa ndoo ya mafuta iliyowekwa upande usio wake. Alimrudisha fundi wa tairi getini kwa sababu beji yake ilikuwa ya wiki iliyopita. Nyumbani alifunga kamba yake mwenyewe ya kuanikia nguo, sambamba na ile ya zamani, umbali wa mkono mmoja tu pembeni, na Rangi akawa anaanika mashuka yake mapana upande huo ili asimwone. Mtoto peke yake hakukubali vita hivyo. Kila asubuhi aligonga ukuta kwa kijiko, *ko ko*, na upande wa pili ukuta ukamjibu, *ko*. Mama yake alijifanya hasikii.

"Mama, shangazi amekununia?" mtoto aliuliza siku moja.

"Kula."

"Na wewe umemnunia?"

"Nimesema kula."

*

Ijumaa ndiyo lakiri ilipowekwa. Jumamosi, katika mbio fupi za kupanga nafasi za kuanzia, gari lao lilitoka la tatu. Miaka minne timu haikuwa imeanzia mbele kiasi hicho. Mkasi alikumbatia watu ambao mwezi uliopita alikuwa akiwatafutia sababu za kuwaondoa, akapanda juu ya tairi na kutangaza kwamba tajiri amepiga simu: gari likimaliza ndani ya watatu bora, hakuna atakayepunguzwa tena msimu huu.

"Hata mimi?" aliuliza mfagiaji.

"Hata wewe na ufagio wako!"

Wakacheka kicheko cha watu walioshusha pumzi.

Jumapili saa nne asubuhi, mbio zikiwa zimebakiza muda wa saa nne kuanza, Rangi aliitoa spana ya kupimia katika sanduku lake ili aifute. Mpini wake una kidirisha kidogo kinachohesabu kila inapolia. Ijumaa, kabla ya kuanza jalada, alikirudisha kwenye sifuri, na tangu alipomaliza jalada spana haikuguswa. Akakitazama kidirisha.

Kumi na moja.

Akakifuta kwa kidole, kana kwamba moja iliyopungua ilikuwa vumbi.

Spana ile ilikuwa nzee. Mara moja moja iliruka hesabu; aliwahi kuomba nyingine, na Mkasi akamjibu kwa maneno mawili ambayo siku hizi yalijibu kila kitu, "kubana matumizi". Basi imeruka, alijiambia. Bolti zote kumi na mbili zina mistari, ameiona kwa macho yake, imenyooka kama iliyochorwa kwa rula. Kisha moyo ukamwambia: bolti isiyokazwa kabisa nayo mstari wake hunyooka. Mstari haujui kama bolti imekazwa. Unajua tu kama imegeuka tangu ulipochorwa.

Akalitazama turubai la meza. Karibu na sahani ya bolti palikuwa na duara la chai iliyokauka.

Hapo Ijumaa ikamrudia yote. Alikuwa peke yake, anakaza na kuchora, mkono huu kisha huu, anaona fahari. Amemaliza ya nane. Ameshaiingiza ya tisa kwa vidole, amelaza spana, ameshika brashi ili alisogeze kopo la rangi. Mkasi akaingia na kikombe chake, akauliza, "Tunakwenda?" akakitua mezani.

*Ko.*

Na mkono wake, mtiifu kama ng'ombe anayejua njia ya zizini, ukachora.

Hakuikumbuka sauti ya spana baada ya hapo ila kwenye ya kumi. Au alidhani haikumbuki. Nani hukumbuka sauti moja kati ya kumi na mbili?

Dereva aliingia wakati huo akivuta glovu kwa meno. Alikuwa mtu wa maringo, na gereji ilimpenda kwa shingo upande. Alilipiga gari lake kofi la nyuma, mahali giaboksi ilipolala chini ya bati.

"Rangi! Leo huyu asinikoholee njiani."

"Wewe hujawahi kuniuliza nimefanya nini huko nyuma," Rangi akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Niulize ili iweje? Mimi naangalia mbele. Nyuma ni kwenu." Akaenda zake, akipiga mluzi.

Nyuma ni kwetu. Bolti moja iliyokazwa kwa vidole ilistahimili mizunguko michache ya Jumamosi. Leo ilikuwa mizunguko sitini. Mtikisiko ungeitoa taratibu, mafuta ya moto yangemwagikia tairi ya nyuma, na kama ingekuwa kwenye kona ile ya chini ya jukwaa, ambako magari huingia kama mawe ya kombeo, gari lingegeuka kabla dereva hajajua kwamba nyuma kuna jambo.

Au spana imeruka hesabu, basi.

*

Mkasi alimsikiliza akiwa ameegemea kabati. Uso wake haukubadilika, isipokuwa sikio moja lililoanza kuwa jekundu.

"Una uhakika?"

"Sina."

"Basi huna kitu. Una ndoto."

"Bosi, ni jambo la kukata lakiri tu. Nusu saa, naipitia yote—"

"Na nafasi tano nyuma! Hata ukikuta zimekazwa zote kama mlango wa benki. Kanuni haiulizi ulichokuta, inauliza kama ulifungua. Kutoka wa tatu tunakuwa wa nane. Wa nane hamalizi ndani ya watatu. Unajua maana yake? Mwulize mfagiaji, atakueleza."

"Najua maana yake."

"Hujui. Ungejua usingesimama hapa." Alishusha sauti, na ikawa mbaya zaidi. "Na anayekata lakiri ni nani? Yule wifi yako amekaa kwenye kile kibanda miezi mitatu anakungoja uteleze. Wewe unataka umpelekee kisu, na shingo umwekee juu ya sahani."

Rangi akageukia mlango.

"Ulikaa kwenye kiti hiki," Mkasi akasema, "ukaniambia unaweza. Nilikuuliza mimi, ukajibu wewe. Sasa chagua. Ama unaweza, ama ulinidanganya. Ukitoka kwenda kule, kesho usije."

Alitamani awe na hasira; hasira ingembeba. Lakini alichokuwa nacho ni aibu ya kukutwa na neno lake mwenyewe. Tangu siku ile amekuwa akimchukia wifi yake kwa bidii, kila siku kidogo, kama mtu anayelisha moto usizime, na sasa alijua kwa nini. Wifi hakumkosea lolote. Alijibu swali lilelile, akajibu kweli, akatupwa. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumsamehe.

Akatoka.

*

Kibanda cha wakaguzi kilikuwa na dirisha moja na jiko la umeme. Wifi alikuwa anakunywa chai, ubao wa karatasi magotini. Hakuinuka.

"Fundi wa timu ya tano," alisema. "Umepotea njia?"

"Naomba lakiri yetu ikatwe."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Mkasi anajua?"

"Anajua. Amesema kesho nisije."

Wifi akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Karibu nje, basi. Kuna baridi, lakini mtu huzoea. Mwezi wa kwanza utakuwa unaamka saa kumi na moja na kutafuta viatu vya kazi. Mwezi wa pili utavigawa."

"Nicheke utakavyo. Njoo na koleo."

"Nafasi tano nyuma, hata msipokuta kitu."

"Kanuni naijua."

"Wenzako watakuchukia."

"Wataanza foleni nyuma yako."

Wifi akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alimtazama usoni, akamtazama kama anavyotazama mashine: wapi panavuja. Kisha akachukua koleo.

Gereji ilipowaona wanaingia pamoja ilinyamaza kama redio iliyochomolewa. Mfagiaji aliegemea ufagio wake. Fundi wa tairi akasema, kwa sauti ya kusikika, "Haya ndiyo mambo ya kuleta ukoo kazini," na mwingine akatema mate kwenye ndoo. Dereva alikuja mbio, glovu moja mkononi, akauliza nani amekufa.

"Kanuni ya thelathini," wifi akasema, akiitazama karatasi. "Sababu ya kufungua itamkwe na fundi mwenyewe, mbele ya meneja, nami niiandike kama ilivyotamkwa. Sababu?"

Mkasi alikunja mikono kifuani. Jicho lake lilimwambia Rangi kwamba mlango bado uko wazi kidogo: aseme spana ni mbovu, aseme amesikia mlio, aseme lolote ambalo kosa lake ni la chuma.

Rangi akamgeukia mkaguzi.

"Kazi ya watu wawili niliifanya peke yangu."

Kalamu ya wifi ilisimama. Ilisimama kitambo, ncha yake ikiacha nukta ya wino inayotanuka kwenye karatasi. Kisha ikaandika, polepole, neno kwa neno, bila kuruka hata moja.

"Kanuni ya thelathini na moja," akaendelea, sauti yake imepungua ukali au imechoka. "Lakiri ikishakatwa, mkaguzi hasemi neno na fundi, hagusi gari wala kifaa, mpaka kazi iishe. Kwa hiyo usinigeukie kama unayengoja msaada."

"Sikuwahi kungoja."

"Hilo tunalijua sote."

Koleo likauma. Waya ulikatika kwa sauti ndogo sana kwa jambo kubwa kama lile, na mahali fulani nyuma mtu akalaani.

Bati likatolewa. Jalada likaonekana na mistari yake kumi na miwili ya njano, yote imenyooka, mizuri, kama kazi ya mtu anayejiweza. Rangi akapachika spana kwenye bolti ya kwanza, akavuta. *Tak*, papo hapo, bila kugeuka. Ya pili, *tak*. Ya tatu. Ya nne. Kila ilipolia, Mkasi alitikisa kichwa kana kwamba tajiri yuko pembeni anaona. Ya sita. Ya saba. Ya nane ikalia, na dereva akasema, "Sasa jamani, si zimekaza?"

Spana ikashika ya tisa.

Akavuta, na mkono ukaenda. Haukukuta kitu. Bolti iligeuka laini, ikageuka tena, na ule mstari wa njano ukakatika mbele ya macho ya wote: nusu ikabaki juu ya jalada, nusu ikazunguka na bolti, ikaenda mbali, robo nzima ya duara, kabla ya chuma kukutana na chuma na spana kulia.

*Tak.*

Dereva aliitazama ile nusu ya mstari. Akaivaa glovu yake ya pili, akaivua, akaivaa tena. Fundi wa tairi akaangalia ndoo. Mkasi akatoka nje akitafuta simu mfukoni. Na hakuna aliyejua kama anakwenda kuomba msamaha kwa tajiri au kumtafuta fundi mwingine wa kesho.

Rangi alifuta rangi ya zamani kwa kitambaa. Akachovya brashi. Akaisogeza juu ya bolti ya tisa, na hapo ikasimama.

Mkono ulikataa. Ulikuwa imara kama miaka yote. Ulikuwa tu unangoja. Tone la njano lilijikusanya kwenye ncha ya brashi, likanenepa, likatishia kuanguka, na bolti tatu zilikuwa bado, na saa ilikuwa inakwenda, na watu arobaini na zaidi walikuwa wanamtazama mwanamke aliyewarudisha nyuma nafasi tano halafu akagoma kuchora mstari mmoja.

"Anangoja nini tena huyu?" mtu akauliza.

Hakugeuka. Alikuwa ameambiwa asigeuke.

Nyuma yake wifi alisimama hatua mbili kutoka kwenye gari, pale kanuni inapotaka, midomo imefungwa, macho kwenye saa ya ukutani, uso bado una ukuta wote wa miezi ile. Ubao wa karatasi ulikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulipanda taratibu, kama unaotaka kuiweka sawa karatasi, na pete ikagusa ubao.

*Ko.*